Mwalimu wa Kona ya Sijui

Sitataja jina lake, wala ukoo wake, wala alikozaliwa. Hapa Garissa ukitaja ukoo wa mtu umekwisha kumtaja yeye, nyumba yake na ngamia wa babu yake, na mimi sitaki watu waende kumkodolea macho dirishani. Tulimwita Mwalimu. Shule yetu ya wasichana ilikuwa na walimu kadhaa, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule wa bayolojia, mrefu, mwembamba, mwenye jilbabu ya kahawia iliyokuwa nyeupe mikononi kwa vumbi la chaki tangu asubuhi.

Nilimpenda. Naanza na hilo asije mtu akadhani haya ni maneno ya mwanafunzi aliyechapwa akaweka kinyongo. Nilimpenda kuliko shangazi zangu, na kazi ninayoifanya leo, ya uuguzi katika kliniki ya kifua, nimeipata kwake. Na ni yeye huyo aliyenyamaza siku ambayo neno lake moja lingeweza kumwokoa dada yangu. Kwa miaka mingi nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili, moja nilikumbuke Jumatatu na jingine Jumanne, yamekataa. Yanakuja pamoja kila mara.

Jambo la kwanza lililomfanya awe tofauti na walimu wengine lilikuwa kona. Juu kabisa ya ubao, upande wa kulia, alichora mraba kwa chaki na ndani yake akaandika SIJUI. Ukimuuliza swali asilolijua, hakukwambia kaa chini, wala hakukwambia halimo kwenye silabasi. Aliliandika kwenye kona, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuta mpaka apate jibu. Monita akifuta ubao alizunguka ule mraba kwa adabu kama anayezunguka mkeka wa mtu anayeswali.

Kuna binti mmoja, mtoto wa wafugaji, alimuuliza kama ngamia naye ana kinga ya mwili kama yetu. Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Swali likakaa kwenye kona karibu mwezi mzima, mpaka asubuhi moja alipoingia darasani bila hata kusalimu, akagonga meza kwa kiganja.

"Ngamia anayo!" akasema. "Tena kingamwili zake zingine ni ndogo kuliko zenu. Zinaingia bahali zenu hawezi kubita. Haya, nani alikuwa anacheka?"

P kinywani mwake ilikuwa B, na V ilikuwa F. Tulimwiga tukiwa bwenini mpaka baadhi yetu tukazoea, na hata leo nikikasirika hujikuta nikisema "bole bole." Siku ile binti wa wafugaji alitembea shuleni kama aliyemzaa huyo ngamia mwenyewe. Mwalimu akafuta swali, akaacha mraba mtupu, na akasema kona tupu inamkosesha raha.

Somo alilolipenda kupita yote ni la seli T. Kitabu chetu kililigusa kwa kurasa mbili. Yeye alilifundisha wiki tatu, na mkuu wa shule alipolalamika akajibiwa kwamba mitihani huja na kuondoka lakini homa iko palepale. Alikuwa na hasira na kitabu kile kwa sababu kilisema seli T ni askari.

"Askari gani?" alisema. "Kuna moja inaua, sawa. Lakini kazi kubwa ya seli T ni kuambia jirani. Inaachia brotini ndogo ndogo, na hiyo brotini ndiyo habari. Haibigi kelele kama muadhini. Seli haina bosta. Habari inafika kwa aliye karibu tu, na katika hao walio karibu, anasikia mwenye sikio la kubokea."

Kisha akatupanga. Nusu ya darasa tukae viganja vikiwa wazi magotini, nusu wakunje ngumi. Waliofungua viganja walikuwa seli zenye pokezi, waliokunja hawakuwa nazo. Mmoja katikati alikuwa seli T, na mkononi alikuwa na vikaratasi vilivyokatwa kwenye mitihani ya zamani. Vingine viliandikwa NJOO, vingine ZALIANA, vingine AMKA, na vichache TULIA. Seli T haikuruhusiwa kuinuka wala kurusha. Ilichoweza kukifikia kwa urefu wa mkono ndicho ilichokifikia, na mwenye kiganja wazi alisoma karatasi akafanya alichoambiwa. Mara darasa lote lilikuwa limesogea kwenye dawati moja, joto, jasho, vicheko, na Mwalimu akipiga kelele juu yetu kwamba huo ndio uvimbe, hiyo ndiyo homa, mnaona sasa kwa nini jipu linauma!

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyecheza makrofaji, ile seli inayomeza wadudu. Alipewa kijiwe akifiche mfukoni, nacho kilikuwa mdudu wa kifua kikuu. Mwalimu alituonyesha kwamba makrofaji amemeza lakini hajamaliza kazi. Mdudu yule hafi kwa kumezwa. Anakaa ndani, anakula, analala. Mpaka seli T iliyo jirani imwachie karatasi ya AMKA ndipo makrofaji anapata nguvu ya kumsaga. Bila ile karatasi mtu anatembea na mdudu wake, anacheka, anaolewa, na hana habari.

Siku moja aliniita mbele nikawa seli T. Akavua mtandio mdogo aliokuwa akiuvaa chini ya jilbabu yake, akanifunga viganja vyangu pamoja, taratibu, akaniuliza kama inauma. Nikasema haiumi. Akawageukia wenzangu.

"Huyu amekula dawa ya kunyamazisha," akasema. "Iko dawa hiyo. Mtu akiwekewa figo ya mtu mwingine anabewa, ili seli zake zisigombane na mgeni. Ni dawa nzuri kwa mwenye haja nayo. Sasa mdudu amekuja. Huyu anamwona. Atamwambia nani?"

Hakuna, tukajibu kwa pamoja.

"Hakuna," akasema. "Na nyinyi mnakaa tu habo mnafikiri ni amani."

Naomba mtu yeyote asiniambie kwamba alikuwa hajui. Alijua, na alijua kwa namna ambayo hata mimi mtoto wa kidato cha tatu niliielewa, na nikaielewa kwa viganja vyangu mwenyewe.

Ujasiri alikuwa nao, na sitauficha. Mwaka ule walimu wa kutoka bara walipoondoka kwa hofu ya usalama, wengine wakiacha hata vyombo, yeye alibaki akafundisha bayolojia, kemia na kilimo, sauti ikamkauka mpaka akawa anaandika tu. Mwenzetu mmoja alipotolewa shule kwenda kuolewa upande wa Griftu, Mwalimu alipanda lori lililokuwa likienda kuchukua mbuzi, akakaa mbele na dereva na turnboi, msaidizi wake, akafika sokoni siku ya mnada. Alimkuta baba wa msichana katikati ya biashara, yeye na mnunuzi wameshikana mikono chini ya shuka, vidole vikizungumza bei ambayo mwingine haruhusiwi kuiona. Mwalimu aliketi juani akangoja. Alitusimulia baadaye kwamba mwanamume akiwa anauza ngamia hasikii kitu kingine, hata ukimwambia nyumba inaungua. Mikono ilipotoka chini ya shuka ndipo akasalimu. Alirudi na yule msichana kwenye lori lile lile, wote wawili wakinuka mbuzi, na yule msichana leo ni mhandisi.

Alikuwa pia na upole ambao hukuutazamia kwa mtu wa ukali wake. Mmoja wetu alikohoa muda mrefu, akaenda likizo, akarudi na alama mbichi za moto kifuani. Bibi yake alikuwa amemchoma kwa chuma ili kuondoa kikohozi, kama ilivyo desturi ya wazee. Mwalimu wa zamu alianza kumtukana bibi yule. Mwalimu wetu akamkatiza, akamsafisha msichana vidonda, akamwambia, "Nyanya yako anakubenda. Alifanya kile anajua. Sasa twende tufanye kile sisi tunajua." Wakaenda hospitalini kupimwa makohozi.

Kile anachojua, alisema. Maneno hayo nimeyatafuna sana.

Kasoro zake za kawaida tulizipenda kama tulivyopenda sifa zake. Aliwahubiria akina mama wanaouza maziwa ya ngamia wachemshe kwanza, akawaelezea homa ya maziwa mabichi mpaka wakamwita Mwalimu wa Moto. Nyumbani kwake alikunywa mabichi, kibuyu kikifukizwa moshi kama alivyofundishwa na mama yake, na alipofumaniwa na mmoja wetu alisema yaliyochemshwa yamekufa. Alituzuia kukariri lakini yeye mwenyewe alikariri kila kitu. Alichukia uvumi lakini hakuna mtu Garissa aliyejua habari nyingi kuliko yeye.

Kisha kulikuwa na duka.

Mumewe alikuwa na duka la dawa sokoni, na baada ya sala ya Alasiri Mwalimu alikaa pale nyuma ya kioo mpaka Magharibi. Tukienda kumsalimia tulimkuta mtu mwingine. Sauti ilishuka. Kona ya Sijui haikuwepo. Alihesabu tembe kwa kijiko, akaandika kutwa mara tatu, akakata maneno. Alikataa kumuuzia mtu nusu ya dozi, na wengine walimnunia kwa hilo. Kwa hiyo tulisema, hata dukani ni Mwalimu.

Lakini wanawake walikuja kwa kitu kingine pia. Walikuja wawili wawili, mara nyingi bibi harusi mtarajiwa na shangazi, wakangoja wateja wengine waondoke. Hakukuwa na boksi wala lebo. Vidonge vidogo vilikunjwa ndani ya karatasi, na kila mtu aliviita vidonge vya kunenepa. Kwetu msichana anayekwenda kuolewa akiwa mifupa mitupu ni aibu ya nyumba nzima. Anafungiwa ndani, ananyweshwa maziwa, analishwa nyama ya mafuta na samli, na kama mwili bado hautaki, anatafutiwa vidonge. Mashavu yanajaa kwa wiki chache, uso unakuwa mviringo, wakwe wanafurahi. Hakuna anayeuliza ni dawa gani. Leo naweza kuwaambia: ni steroidi, ile ile ya kunyamazisha. Inaweka maji na mafuta mwilini, na wakati huohuo inazifunga mdomo seli T. Daktari akikupa kwa ugonjwa wa kweli, kwa kipimo, inaokoa maisha. Msichana mzima akiimeza miezi minne ili mashavu yajae, hajui amejifanyia nini.

Dada yangu alinizidi miaka minne. Sisi ni Waborana, wazazi wetu walishuka kutoka upande wa Wajir, na dada alikuwa mwembamba kama sisi sote, mwenye vidole virefu vya kushonea. Alichumbiwa na Msomali mfanyabiashara aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Elwak, kijana mwema, sina neno naye. Wanawake wa kwao walipokuja kumwona, mmoja alimshika kifundo cha mkono akakizungusha.

"Naa, abaayo, wewe haulishwi?" akamuuliza mbele ya mama, akimwita dada kwa Kisomali. "Ama iko mgonjwa?"

Dada alicheka pale, na jioni akalia. Baada ya hapo akaanza kunenepa, na mimi nikadhani ni samli. Nilimtania sana, nikamwita Mama Mashavu.

Miezi hiyo hiyo babu yetu alikuja kutoka Wajir na kikohozi chake. Dada ndiye aliyemuuguza. Alilala chumba kimoja naye, akamfulia, akamshika kichwa akikohoa. Babu alipogunduliwa ana kifua kikuu na kuanzishwa dawa, sote wa nyumbani tulipimwa kwa sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono. Tukaambiwa turudi siku ya tatu. Aliyewahi kukutana na mdudu, seli T zake humkumbuka, huachia habari, majirani hukusanyika, na ngozi huinuka ikawa ngumu. Aliyekuwa hajakutana naye hubaki laini.

Mkono wangu ulikuwa na uvimbe mgumu kama kokwa ya tende. Mkono wa dada ulikuwa laini kabisa, hata alama ya sindano haikuonekana vizuri. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikapewa dawa za kuzuia, nizimeze miezi mingi. Dada hakupewa kitu, akarudi nyumbani kupimwa nguo za harusi.

Nilikuwa na wivu, ndiyo, na nilikuwa na hofu, lakini zaidi nilikuwa na swali. Sikulala nikiligeuzageuza. Mimi niliyekuwa bwenini na kumwona babu wikendi mbili tatu tu nimevimba. Yeye aliyelala naye chumba kimoja ni laini. Jumatatu nilimkimbilia Mwalimu kwenye baraza la darasa nikamwonyesha mkono.

Aliushika. Akapitisha kidole gumba juu ya uvimbe, na nikaona amefurahi, furaha ya mtu aliyeona kitu cha kitabuni kikiwa hai.

"Seli zako zimesema fizuri," akasema. "Umeze dawa zako, usiruke hata siku moja."

"Na dada, Mwalimu? Yeye ndiye aliyemuuguza babu. Kwa nini mkono wake haukufanya kitu?"

Kidole gumba kikasimama. Nakumbuka hivyo kabisa, kikasimama juu ya mkono wangu. Kisha akaushusha mkono wa sare yangu mpaka kwenye kifundo, akanifungia kifungo kama mtoto mdogo.

"Miili haifanani," akasema.

Nikangoja. Nilidhani tutaingia darasani na ataliandika kwenye kona. Aliingia, akafundisha mizizi ya mimea, na kona ikabaki tupu. Miaka yote niliyokaa naye, hilo ndilo swali pekee nililomuuliza ambalo hakulijibu na hakuliandika. Mimi mjinga nikadhani ni kwa sababu lilikuwa rahisi mno.

Dada aliolewa. Alipendeza, wallahi, kila mtu alisema. Vidonge viliendelea kidogo baada ya harusi, ili asipungue mbele ya wakwe. Mwezi wa tatu akaanza homa za jioni. Wakamtibu malaria, wakamtibu taifodi. Kila walipouliza kuhusu kifua kikuu, jibu lilikuwa alishapimwa, hana, mkono wake ulikuwa laini. Sisi wenyewe ndio tuliosema hivyo. Mimi nilisema hivyo, kwa kujiamini, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi bora wa bayolojia. Alipopigwa picha ya kifua hatimaye, mdudu alikuwa ametapakaa mapafu yote, punje punje kama mtama, na alikuwa amekwenda hata kichwani.

Alizungumza nami vizuri mara ya mwisho asubuhi moja nilipokuwa nikimpaka mafuta miguuni. Uso ulikuwa umeisha, mashavu yote yamekwenda.

"Nilikuwa nikimeza vidonge vya kunenepa," aliniambia kwa lugha yetu. "Labda vimeniharibu tumbo."

"Ulipata wapi?"

"Kwa Mwalimu wako. Alinipa kwa mkono wake. Akasema nisikwambie, kwa sababu wewe unauliza maswali mengi."

Nilicheka kidogo. Mungu anisamehe, nilicheka, nikaona ni sifa. Nilifikiri ni vitamini. Siku tisa baadaye tulimzika.

Mwalimu alikuja kwenye msiba. Alikaa na wanawake mkekani, akasoma dua, akalia machozi ya kweli, na mimi nikajilaza begani kwake nikalia mpaka jilbabu yake ikalowa. Alinipapasa mgongo. Alikuwa na nafasi tena pale, tena sikio langu lilikuwa karibu na mdomo wake kuliko siku zote. Alisema, "Ni kadari ya Mungu, abaayo." Sikatai kadari. Lakini kadari haikumkataza mtu kusema.

Nilikwenda chuo cha uuguzi kwa barua ya mapendekezo aliyoiandika yeye. Mwaka wa pili mkufunzi alituorodheshea watu ambao mkono wao unaweza kubaki laini ingawa mdudu yumo ndani: wenye utapiamlo mkali, waliotoka kuugua surua, wenye kinga iliyoshuka, na wanaotumia steroidi. Nikakumbuka vidonge vya dada. Mwishoni mwa muhula nilirudi nyumbani nikafungua sanduku la dada, na ndani ya kikaratasi kilichobaki nikakuta vidonge viwili vyenye herufi zilizochongwa. Nikampelekea mkufunzi bila kumweleza. Alivitazama, akalitaja jina la dawa papo hapo, akauliza nani kati yetu amepandikizwa figo.

Hapo ndipo niliposalitiwa, miaka kadhaa baada ya tendo lenyewe. Sikusalitiwa na duka. Duka ni la mumewe, na mji mzima ulinunua. Ningeweza hata kusamehe kikaratasi. Nilisalitiwa kwenye baraza, pale kidole kiliposimama. Kidole kile kilisimama kwa sababu alikuwa ameelewa. Aliona yote kwa mara moja: babu, dada, vidonge, mkono laini. Alikuwa na muda. Alikuwa na wiki, miezi. Angeniambia mimi, angemwambia mama, angemwita dada pembeni amwambie acha polepole, nenda ukapimwe makohozi, usiuamini mkono. Angeweza hata kuandika kikaratasi bila jina akakipitisha chini ya mlango wetu. Alichagua heshima ya duka lake, akanipa maneno mawili.

Nilimtafutia udhuru, nikamtafutia tena. Kwamba aliogopa mumewe. Kwamba alidhani dada atapona tu. Kwamba wanawake wa sokoni wangevunja kioo. Kila udhuru ulisimama kidogo kisha ukanikumbusha lori la Griftu. Mtu aliyekaa juani mnada mzima kwa ajili ya mtoto wa watu hakuwa mwoga. Alijua kusema alipotaka kusema.

Kwa miaka mingi nilimkwepa. Nilibadilisha njia ya sokoni. Watu walimsifu mbele yangu, wanafunzi wake wa zamani wako maofisini na mahospitalini, nami nikitikisa kichwa kama niliyekubali. Sikumwambia mama, kwa sababu mama alikuwa radhi na kadari, na nilichelea kumtoa hapo. Ndivyo na mimi nilivyojifunza kunyamaza, na namchukia kwa hilo pia.

Mwezi uliopita mumewe alipatikana na kifua kikuu. Sheria yetu ni ile ile, wa nyumbani wote waje wapimwe. Nilipoona jina kwenye faili ningeweza kumpa mwenzangu. Nilibaki. Aliingia akitembea polepole, jilbabu nyingine, nyeusi, mikono safi bila chaki, na nyuma yake binti yake wa mwisho, wa miaka ishirini na kitu, mwembamba kama mama yake, mwenye simu mkononi na hina mpya ya uchumba vidoleni.

"Mashallah," Mwalimu akasema aliponiona. "Ni wewe. Walisema uko haba, mimi sikuamini."

"Karibu, Mwalimu. Kaeni."

Nikamaliza salamu zote, za mgonjwa, za watoto, za mvua. Kisha nikafungua fomu. Kwenye fomu yangu kuna swali nililoliongeza kwa kalamu miaka mingi iliyopita, na kila anayekaa kwenye kiti kile huulizwa. Nikamtazama binti.

"Kuna dawa yoyote unayotumia? Unakaribia harusi naona. Vidonge vya kunenepa?"

"Huyu?" Mwalimu akadakia, haraka, kama aliyeguswa na moto. "Hajagusa. Kwangu haiingii hiyo kitu."

Binti akacheka. "Zii, sista, hizo tembe siwezi! Mama alituapisha na Msahafu, sisi wote. Alisema mwenye atazimeza si mtoto wake."

"Alikuapisha lini?"

"Kitambo sana. Hata shule nilikuwa sijaanza."

Nilipiga hesabu nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya fomu. Kabla hajaanza shule, na dada alipochumbiwa binti huyu alikuwa tayari darasa la pili. Dada yangu alikuwa hajaposwa bado. Alikuwa nyumbani anashona, na vifundo vyake vyembamba vya mikono havikuwa vimemkera mtu.

Niliusafisha mkono wa binti kwa pamba. Nikamdunga pale panapostahili, ngozi ikainuka kidogo kama inavyotakiwa, nikamwambia asijikune, asipake kitu, arudi siku ya tatu. Mwalimu alikuwa akinitazama kazini, na nilimjua tangu zamani, nilijua anaona kwamba nafanya vizuri.

"Ni mimi nilikufundisha kuuliza hifyo," akasema kwa sauti ya chini, nusu kujisifu, nusu kuomba.

"Hapana, Mwalimu," nikamwambia. "Swali hilo nilifundishwa na dada yangu."

Akashika ukingo wa meza. Binti aliinua macho kwenye simu, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kwa adabu kama wafanyavyo vijana pale wazee wanapokumbushana ya zamani.

"Kwani dada yako naye ni nesi?" akauliza. "Anafanya hapa hapa?"

Nilimgeukia Mwalimu, nikangoja amjibu yeye.